Uhamaji Usioombewa Ruhusa

Mkazi wa Modogashe hahitaji kamusi ili aelezwe maana ya neno kuhama. Mji huo umekaa kwenye njia panda ya barabara zitokazo Isiolo, Garissa na Wajir, na tangu zamani umekuwa mahali pa kupitia ngamia, ng'ombe, mbuzi na wenye mifugo hiyo, ambao Wasomali huwaita reer guuraa, yaani watu wa kuhama. Ndipo mahali ambapo mwaka 2001 wazee na viongozi wa wilaya za kaskazini mashariki na majirani zao walifikia mapatano yanayojulikana hadi leo kama Azimio la Modogashe. Miongoni mwa masharti yake ni kwamba mfugaji atakaye kuhamia malisho ya wengine sharti kwanza aombe idhini ya wazee na machifu wa huko aendako. Wazee wale hawakukataza uhamaji, kwani kuukataza ni kukataza maisha yenyewe. Walichokataza ni uhamaji wa kimyakimya, usiojulikana na mwenyeji wala kupimwa na mtu yeyote.

Nimelikumbuka azimio hilo kwa sababu wanakemia nao wanalo neno hilo hilo. Wanapochunguza vyombo vya plastiki ambamo chakula hutiwa, huzungumzia uhamaji wa kemikali, yaani safari ya chembe ndogo zilizomo katika ukuta wa chombo kuingia katika chakula, au safari ya chembe za chakula na za mazingira kuingia katika ukuta huo. Mimi ni mwanaisimu, si mwanakemia. Hata hivyo, pale istilahi ya maabara inapogusa kikombe cha maziwa cha mtoto, si haki kuwaachia wanakemia peke yao kazi ya kuieleza. Walimu na wanafunzi wanaosoma safu hii wanastahili kulielewa jambo hili kwa lugha wanayoifikiria.

Tuanze na maziwa yenyewe. Katika eneo lote la kutoka Isiolo hadi Garissa na Wajir, maziwa ya ngamia ni chakula, ni dawa ya kiu na ni biashara. Hukamwa alfajiri na jioni katika maboma yaliyo mbali na barabara, hukusanywa na wanawake, kisha husafirishwa kwa punda, kwa pikipiki na kwa mabasi hadi mijini. Sehemu yake kubwa huishia Nairobi, hasa mtaa wa Eastleigh. Huko Isiolo, wanawake wa ushirika wa Anolei wamejulikana kwa miaka mingi kwa kazi hiyo ya kuyapeleka maziwa mjini. Yapo maziwa matamu na yapo yaliyochachushwa, yaani susa. Katika safari yote hiyo, chombo kinachoyabeba aghalabu ni kimoja, nacho ni mtungi wa plastiki, mara nyingi wa manjano, ambao ulianza maisha yake ukiwa na mafuta ya kupikia.

Mtungi huu wengi wetu huuita jerikeni, na neno hilo lina historia ya kuchekesha. Wajerumani ndio waliobuni dumu la bati la kubebea petroli za kijeshi mwaka 1937. Waingereza, ambao kwa utani waliwaita askari wa Kijerumani "Jerry", walipoliona dumu hilo vitani walilitamani, wakaliiga na kulipa jina la adui yao. Baada ya vita, umbo likabaki lakini bati likabadilika kuwa plastiki. Polithini yenyewe iligunduliwa kwa bahati mwaka 1933 huko Northwich, Uingereza, na wanakemia Eric Fawcett na Reginald Gibson wa kampuni ya ICI. Ile aina ngumu, ambayo ndiyo hutengenezewa mitungi yetu, ilitokana na kazi ya Mjerumani Karl Ziegler mwaka 1953. Kwa hivyo chombo tunachokiona kana kwamba kilizaliwa pamoja na ngamia wetu hakijatimiza hata karne moja.

Kabla yake, maziwa yalitiwa katika vyombo vilivyosukwa na kuchongwa na wanawake. Wasomali wana haan, chombo kikubwa, na dhiil, kilicho kidogo. Waborana wana gorfa. Vyombo hivyo hufukizwa kwa moshi wa kuni maalumu, mgunga ukiwa miongoni mwazo, kabla ya kutiwa maziwa. Moshi ule haukuwa pambo. Kemikali zake zilikaa katika ukuta wa chombo, kisha taratibu zikahamia kwenye maziwa, zikazuia vijidudu kuzaana upesi na kuyapa maziwa ladha ambayo wenyewe hawawezi kuikosa. Hapo pana somo la kwanza ambalo ningependa walimu walishike: uhamaji wa kemikali kutoka chombo hadi chakula si uvumbuzi wa plastiki, wala si uovu kwa asili yake. Bibi zetu waliujua, wakaukusudia, wakauelekeza. Isitoshe, moshi wenyewe si malaika, kwani miongoni mwa chembe zake zimo baadhi ambazo sayansi imethibitisha kuwa zaweza kuleta saratani. Anayedhani kwamba cha asili ni salama daima na cha kiwandani ni sumu daima amechagua njia fupi ya kufikiri, na njia hiyo haimfikishi mbali.

Je, basi, kemikali hupitaje katika kitu kigumu kisicho na tundu? Hapa ndipo lugha inapotusaidia au kutupotosha. Kiswahili kina vitenzi kadhaa vya jambo hili, na kila kimoja kina mipaka yake. Kuvuja ni kupita katika ufa au tundu. Kuchuruzika ni kutiririka kidogo kidogo. Kupenya ni kuingia mahali ambapo hapaonekani njia. Mnunuzi wa mtungi sokoni huujaza maji, akaupindua, akatazama kama unavuja. Asipoona tone huridhika. Lakini mtungi usiovuja si lazima uwe mtungi usiopenyeka. Jaribio la maji huonyesha ufa, halionyeshi safari za chembe.

Plastiki ni mkusanyiko wa minyororo mirefu ya kikemia iliyofungamana kama nyuzi za mkeka. Ukiutazama mkeka kwa mbali waonekana ubao mmoja. Ukiusogelea waona nafasi baina ya ukindu na ukindu. Minyororo ya plastiki nayo ina nafasi ndogo mno, tena haitulii: hutikisika daima, na kadiri joto linavyozidi ndivyo inavyotikisika zaidi. Chembe ndogo ikipata nafasi huruka hatua moja, ikasubiri, ikaruka tena. Haina nia wala dira. Ila kwa kuwa upande wenye chembe nyingi hutoa warukaji wengi kuliko upande wenye chache, mwisho wa yote safari huelekea kule kwenye upungufu. Huo ndio msambao. Mskoti Thomas Graham aliupima katika hewa mnamo 1829, naye Mjerumani Adolf Fick, tabibu aliyependa hesabu, akautungia kanuni mwaka 1855: wingi wa kinachosafiri hulingana na tofauti ya wingi baina ya pande mbili. Wingi ukilingana kila mahali, msafara huisha.

Kanuni hiyo ina tawi moja ambalo walimu wa hisabati watalipenda. Msambao ni mwepesi katika masafa mafupi na mzito katika masafa marefu. Ili chembe zifike mara mbili ya umbali, zahitaji muda mara nne. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba harufu fulani yachukua mwezi mmoja kuingia milimita moja katika ukuta wa mtungi. Itahitaji miezi minne kufika milimita mbili. Na kama ilivyochukua miezi kuingia, ndivyo itakavyochukua miezi kutoka.

Sasa tunaweza kulieleza jambo ambalo kila mama wa nyumbani analijua bila kulipewa jina. Mtungi uliowahi kutiwa mafuta ya taa haurudi kuwa mtungi wa maji. Uoshe kwa sabuni, usugue kwa mchanga, uanike juani wiki nzima. Ukitia maji leo, kesho yananuka. Kwa nini? Kwa sababu polithini ni ndugu wa mafuta. Vyote viwili vimejengwa kwa kaboni na haidrojeni, na katika kemia ndugu hupokeana. Mafuta ya taa hayakubaki juu ya ukuta wa mtungi. Yaliingia ndani yake. Sabuni huosha uso, haifiki kiini. Nawe unapotia kimiminika kipya, chembe zile zilizojificha huanza safari ya kurudi, hatua kwa hatua, zikiingia katika kinywaji chako. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga.

Mafuta ya taa yana hisani moja: yananuka, na kwa hivyo hujitangaza. Taabu ni vile visivyonuka au vyenye harufu hafifu. Mfugaji hununua dawa ya kuua kupe. Mkulima wa kando ya Mto Tana hununua dawa ya wadudu. Dawa hizo huja katika chupa na mitungi mizuri, migumu, yenye vifuniko imara, na katika nchi kavu ambako chombo ni mali, kukitupa huonekana ubadhirifu. Mwongozo wa kimataifa ni kwamba chombo cha dawa ya namna hiyo kisuuzwe mara tatu, kisha kitobolewe ili kisitumike tena na mtu yeyote. Wengi husikia lile la kusuuza wakasahau lile la kutoboa. Kusuuza mara tatu huondoa kilichobaki juu ya ukuta. Kilichoingia ndani ya ukuta hakisikii maji, na ndiyo sababu ya kutoboa. Mtu akilielewa hilo, hahitaji kutishwa na mkaguzi. Ataitoboa chupa kwa mkono wake mwenyewe.

Mambo yanayoharakisha uhamaji ni manne, na yote manne yanapatikana Modogashe. La kwanza ni joto. Kwa kadirio la jumla, kasi ya msambao katika plastiki huongezeka mara mbili au tatu kwa kila nyongeza ya nyuzi 10 za selsiasi. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, nchi ya jangwa kama yetu, walichapisha matokeo ya kupima antimoni, madini yanayotumiwa katika kutengeneza chupa nyepesi za maji. Waliona kwamba katika nyuzi 60 ingechukua siku 176 kwa maji kuvuka kiwango cha mikrogramu 6 kwa lita kinachoruhusiwa Marekani; katika nyuzi 80 zingetosha siku mbili na saa chache. Chupa iliyoachwa juani haifiki nyuzi 80, lakini mwelekeo wa jambo ni dhahiri. Maji yaliyomo na chupa yenyewe havikubadilika. Kilichobadilika ni joto.

La pili ni muda. Maziwa yanayokaa saa 2 katika mtungi si sawa na yanayokaa siku 2. La tatu ni mafuta. Kemikali nyingi zinazotoka katika plastiki hupenda mafuta kuliko maji, ndiyo maana maziwa, samli na nyama ya nyirinyiri huvuta zaidi kuliko maji matupu. La nne ni ukubwa wa ukuta ukilinganishwa na kilichomo, nalo nitalifafanulia kwa hesabu hapa chini.

Tusisahau na plastiki yenyewe, maana hii si kabila moja. Chini ya vyombo vingi kuna pembetatu yenye tarakimu, mtindo ulioanza Marekani mwaka 1988 kwa ajili ya kutenganisha taka. Tarakimu 1 ni ile ya chupa za maji na soda. Tarakimu 2 ni polithini ngumu ya mitungi, na 5 ni ya makopo mengi ya chakula; hizi mbili zikiwa mpya na safi ni miongoni mwa zile zenye rekodi nzuri. Tarakimu 3 ni plastiki ambayo ili iwe laini huchanganywa na vilainishi, pengine hadi theluthi ya uzito wake, na vilainishi hivyo havikufungwa kwenye minyororo, vinahama kirahisi. Tarakimu 7 ni mkusanyiko wa "nyinginezo", ikiwemo ile ngumu kama kioo ya baadhi ya mitungi mikubwa ya maji ya ofisini, ambayo huweza kutoa kemikali iitwayo bisfenoli A. Lakini pembetatu hiyo ni kitambulisho cha aina tu, wala si cheti cha usafi. Mtungi wenye tarakimu 2 waweza kuwa ulifinyangwa kutokana na taka zilizochanganywa, na historia ya taka hizo hakuna aijuaye. Rangi nyeusi, ambayo huficha mchanganyiko wa kila namna, ni jambo la kutilia shaka katika chombo cha chakula.

Nchi nyingine zilishughulikiaje jambo hili? Umoja wa Ulaya, katika kanuni zake za 2011, ulifanya kama wazee wa Modogashe. Haukupiga marufuku uhamaji, bali uliuwekea idhini na mipaka. Ulitoa orodha ya kemikali zinazoruhusiwa kutumiwa katika plastiki ya chakula, na ukaweka kwamba jumla ya vyote vinavyohama isizidi miligramu 10 kwa kila desimeta mraba ya ukuta unaogusa chakula. Chombo hupimwa kwa vimiminika vinavyowakilisha vyakula: siki hafifu kwa vyakula vichachu, mafuta ya mimea kwa vyakula vya mafuta, na mchanganyiko wa maji na alkoholi nusu kwa nusu kwa maziwa. Kipimo kimojawapo cha kawaida ni siku 10 katika nyuzi 40. Msomaji wa Garissa na atabasamu: joto ambalo Ulaya hulitengeneza katika tanuri ya maabara, sisi huletewa na jua bila malipo.

Hebu mwanafunzi achukue kalamu. Tuchukulie mtungi wa lita 20 wenye umbo la mchemraba. Kila upande una urefu wa desimeta 2.71, na pande zote sita zina eneo la desimeta mraba zipatazo 44. Kwa kiwango kile cha juu kabisa, miligramu 440 zingehama, sawa na 22 kwa kila lita. Sasa chukua kichupa cha nusu lita cha umbo hilo hilo. Eneo lake ni desimeta mraba 3.8 hivi, na kiwango cha juu ni miligramu 38, sawa na 76 kwa kila lita. Chombo kidogo, kwa kila lita ya maziwa, chaweza kutoa zaidi ya mara tatu ya chombo kikubwa. Mzazi anayenunua maziwa kidogo kidogo katika vichupa vilivyookotwa na kuoshwa yuko katika hali mbaya kuliko anayepimiwa kutoka mtungi mkubwa na kutiliwa katika kikombe chake mwenyewe. Nani angelidhani hivyo pasipo hesabu?

Wala Ulaya na Marekani hazikukingwa na orodha zao. Mnamo Novemba 2005 Italia ilikamata mamilioni ya lita za maziwa ya watoto ya Nestlé kwa kuwa yalionekana kuwa na kemikali ya wino. Wino ulikuwa umepigwa nje ya boksi, si ndani. Karatasi za maboksi zilipoviringishwa kiwandani, upande wa nje wa karatasi moja ulikaa juu ya upande wa ndani wa nyingine, na kemikali ikahamia huko. Marekani nayo, mwaka 2020, Shirika la Kulinda Mazingira la nchi hiyo lilianza kuchunguza mitungi ya dawa za wadudu iliyokuwa imetiwa gesi ya florini ili kuta zake zisipenyeke. Tiba hiyo ya kuzuia uhamaji mmoja ilikuwa imezalisha kemikali sugu za kundi la PFAS, ambazo nazo zikahamia kwenye dawa iliyomo. Na kuhusu bisfenoli A, Ulaya iliipiga marufuku katika chupa za watoto mwaka 2011. Aprili 2023 wataalamu wake wakapunguza kiwango kinachovumilika kwa siku mara 20,000, kutoka mikrogramu 4 hadi nanogramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Mwishoni mwa 2024 ikapitishwa kanuni ya kuiondoa karibu kabisa katika vyombo vya chakula. Kilichohesabiwa salama jana, leo kimepimwa upya.

Hapana budi hapa tuwe waadilifu. Kikombe kimoja cha maziwa kutoka mtungi wa plastiki hakimlazi mtu kitandani. Hatari ya kemikali hizi ni ya haba na haba hujaza kibaba, na walio karibu zaidi nayo ni watoto wachanga na wajawazito. Hatari ya haraka, ile inayoua mtoto kwa kuhara wiki hii, ni vijidudu. Hata hivyo, mtungi ni yule yule mshitakiwa katika kesi zote mbili. Mdomo wake ni mwembamba, mkono hauingii, na pembe zake za ndani hushika utando wa maziwa ya jana. Kuchemsha maziwa huua vijidudu. Hakuondoi mafuta ya taa wala dawa ya kupe. Na ole wake anayeyatia maziwa yangali yanatokota ndani ya mtungi ili "kuusafisha", kwani ameua vijidudu huku akiukaribisha uhamaji kwa joto.

Wapo watakaosema: basi mitungi ipigwe marufuku, watu watumie madebe ya alumini au ya chuma kisichoshika kutu. Ndivyo wanavyopendelea wasimamizi wa biashara ya maziwa nchini, nao hawakosei kisayansi, ingawa hata alumini humumunyuka kidogo inapokutana na kitu kichachu kama susa. Lakini mwanamke anayebeba lita 20 juu ya punda hadi barabarani, kisha juu ya basi, hushindana na uzito, bei na nafasi. Debe la chuma ni ghali mara nyingi kuliko mtungi, na likirudishwa tupu hutozwa nauli. Kumwaga maziwa yake kando ya barabara kwa sababu ya chombo ni kumwadhibu aliye mwisho wa mnyororo na kumwacha aliye mwanzo. Mwanzo ni pale mtungi unapotengenezwa na kuuzwa bila mtu kuelezwa ulivyo.

Hapo ndipo mwanaisimu anapopata la kusema. Tazama chini ya mtungi wowote. Utakuta pembetatu, tarakimu, pengine picha ya gilasi na uma, ambayo Ulaya huitumia kuonyesha chombo cha chakula, na maneno machache ya Kiingereza. Kwa mama wa Modogashe maandishi hayo ni mapambo. Ilhali Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha rasmi sawa na Kiingereza, na katika kifungu cha 46 imempa mnunuzi haki ya kupata habari anazozihitaji ili anufaike na bidhaa. Habari isiyoeleweka si habari. Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inakataza kuuza chakula chenye kitu cha kudhuru ndani yake. Lakini muuzaji ataepukaje asichoambiwa?

Napendekeza mambo matatu, yote mepesi. Kwanza, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa liwatake watengenezaji wapige chapa, katika plastiki yenyewe na si katika karatasi inayobanduka, maneno "Chombo cha chakula" au "Si chombo cha chakula", kwa Kiswahili, na mahali panapohitajika kwa Kisomali, lugha ambayo imekuwa na maandishi rasmi ya Kilatini tangu 1972. Pili, serikali za kaunti, ambazo tangu 2013 ndizo zenye dhamana ya masoko na afya ya jamii, zivisaidie vikundi vya wanawake kununua mitungi mipya ya chakula yenye mdomo mpana, itumike kwa maziwa pekee, na ule unaochakaa au kukwaruzwa uondolewe. Tatu, kila nyumba ifuate mwiko mmoja usio na gharama: mtungi wa maziwa haubadilishwi kazi hata siku moja, na mtungi wa kazi nyingine hauwi wa maziwa hata uoshwe vipi.

Nawageukia walimu wenzangu. Kwa miongo mingi katika mtaala wa 8-4-4 tumeufundisha msambao kwa kutia punje ya pamanganeti ya potasiamu katika maji na kutazama rangi ya zambarau ikienea. Ni jaribio zuri, ila mwanafunzi hulisahau kwa sababu hanywi pamanganeti. Mfanyieni jingine. Kateni vipande viwili vya mtungi mpya uliovunjika, mviweke katika vichupa viwili vyenye mafuta ya karafuu, kimoja kivulini na kingine juani, pamoja na kijiko cha chuma katika kichupa cha tatu. Baada ya siku tatu viosheni vyote kwa sabuni hadi visiteleze, kisha vitieni kila kimoja katika gilasi lake la maji safi na kufunika. Kesho yake wanafunzi wanuse, waandike, na wabishane kwa nini kijiko hakina harufu na plastiki inayo, na kwa nini ile ya juani imeizidi ya kivulini. Siku hiyo wataelewa kanuni ya Fick kwa pua zao, na jioni watakwenda nyumbani kuitazama mitungi ya mama zao kwa jicho jingine.

Kiswahili kinayo maneno ya kutosha kwa kazi hiyo: kupenya, kusambaa, kufyonza, kuhama. Kilichokosekana ni sisi kuyatumia pale yanapohitajika, sokoni, darasani na kwenye kitako cha mtungi. Wazee wa mwaka 2001 walijua kwamba amani haiji kwa kumzuia kila ahamaye, bali kwa kumjua ni nani, atokako na aendako. Maziwa ya watoto wetu yanastahili azimio la namna hiyo hiyo.